Weka, Lakini Usiwe Nayo: Akiba ya Mnyonge na Msaada wa Serikali Uingereza tangu 1834

Mtu anayeishi Uingereza kwa msaada wa Universal Credit, awe hana kazi au anafanya kazi yenye ujira mdogo, anaruhusiwa kuwa na akiba ya pauni 6,000 bila kupunguziwa chochote. Akivuka hapo, kila pauni 250, hata kama ni kipande tu cha pauni 250, huhesabiwa kana kwamba inamwingizia pauni 4.35 kwa mwezi, na kiasi hicho hukatwa kwenye msaada wake. Mwenye pauni 10,000 hukatwa pauni 69.60 kila mwezi. Akizidi pauni 16,000, hata kwa peni moja, msaada wote husimama, pamoja na ile sehemu inayomlipia pango. Ukomo ni huohuo kwa anayeishi peke yake na kwa mume na mke wanaodai pamoja, na ni juu yao wenyewe kutoa taarifa mara hali inapobadilika. Kanuni hizi huelezwa kama hesabu tupu: fedha za umma ni chache, basi apewe kwanza asiye na kitu. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba historia ya kanuni hizo haionyeshi hesabu tupu. Kwa karibu miaka 200 dola ya Uingereza imemhimiza mnyonge aweke akiba, kisha ikamkata kwa sababu anayo. Na kila mara makali hayo yalipopunguzwa, ilikuwa kwa sababu wenye akiba walikuwa na nguvu ya kujitetea, au kwa sababu dola yenyewe ilizihitaji fedha zao.

Chimbuko ni Sheria ya Maskini ya 1834. Miaka miwili kabla yake iliundwa tume ya kuchunguza misaada iliyokuwa ikitolewa na parokia, na ripoti yake iliandikwa hasa na Nassau Senior na Edwin Chadwick. Miongoni mwa maovu iliyoyaeleza ni hali ya vibarua wa mashambani waliojulikana kuwa na akiba. Wenye mashamba ndio waliolipa kodi ya kuwatunza maskini, kwa hiyo katika baadhi ya parokia waliona heri wampe kazi yule ambaye vinginevyo wangelazimika kumlisha bure. Aliyejiwekea chochote aliambiwa asubiri mpaka kiishe. Mwenye busara akajifunza kuficha alichonacho au kutoweka kabisa. Tume iliuona ubaya huo waziwazi, lakini dawa iliyoleta ilikuwa chungu kupita ugonjwa: msaada ungetolewa kwa fukara tu, na kwa mtu mwenye nguvu zake ungetolewa ndani ya nyumba ya kazi, mahali palipokusudiwa kuwa pabaya kuliko maisha ya kibarua maskini kuliko wote. Kwa hiyo sharti la kusaidiwa likawa kuishiwa. Wakati huohuo sauti nyingine ilikuwa ikihubiri kinyume. Mchungaji Henry Duncan alikuwa amefungua benki ya akiba kwa ajili ya maskini huko Ruthwell, Uskochi, mwaka 1810, na mwaka 1861 Gladstone, akiwa waziri wa fedha, alianzisha Benki ya Akiba ya Posta, ambako mtu aliweza kuanza na shilingi moja. Dirisha moja la serikali lilipokea shilingi ya mfanyakazi kwa sifa, na jingine likamwambia arudi itakapokuwa imekwisha.

Mgongano huu haukuumiza sana watawala mpaka ulipowagusa watu waliojipanga. Katika karne ya 19 mamilioni ya wafanyakazi walijiunga na vyama vya kusaidiana, ambavyo kwa kazi yake havikuwa mbali na vyama vya kufa na kuzikana vya mitaani kwetu: mtu alichangia kila wiki, akilala mgonjwa alipewa posho, na akifa alizikwa kwa heshima. Mwanachama alipozeeka na kuomba msaada wa nje ya nyumba ya kazi, bodi ya walezi wa maskini iliweza kuihesabu posho ya chama chake na kumpunguzia kiasi hichohicho. Aliyechangia miaka 30 akawa sawa na ambaye hakuwahi kuchangia. Lakini sheria za 1867 na 1884 zilikuwa zimewapa wanaume wengi wa tabaka hilo kura, na vyama vyao vilikuwa na matawi kila mji. Mwaka 1894 Bunge likawaruhusu walezi kutoihesabu posho ya chama, na mwaka 1904 ruhusa ikageuzwa kuwa amri: hadi shilingi 5 kwa wiki zisiguswe. Hesabu ya fedha za umma haikuwa imebadilika sana katika miaka hiyo 10. Waliobadilika ni waliokuwa wakihesabiwa, kwa kuwa sasa walikuwa wapiga kura.

Pensheni ya uzee ya 1908, iliyopitishwa chini ya waziri mkuu Asquith na waziri wa fedha Lloyd George, inaonyesha vizuri zaidi uzito wa vyama hivyo. Kuanzia tarehe 1 Januari 1909, mtu aliyefikisha miaka 70 aliweza kwenda posta kuchukua hadi shilingi 5 kwa wiki, bila mchango wowote na bila kuikanyaga nyumba ya kazi. Aliyekuwa na kipato kisichozidi pauni 21 kwa mwaka alipata zote, na kuanzia hapo zilipungua ngazi kwa ngazi mpaka kukoma kipato kilipozidi pauni 31 na shilingi 10. Sheria ilimnyima yule aliyezoea kukwepa kazi, lakini ikamkinga na tuhuma hiyo mtu aliyechangia chama cha kusaidiana au cha wafanyakazi kwa miaka 10 mfululizo kabla ya kutimiza 60. Hapa kuweka akiba kukawa ushahidi wa tabia njema. Hata hivyo sheria hiyohiyo ilikuwa na kifungu kingine kilichodumu kuliko vyote: aliyejivua mali au kipato ili astahili pensheni angehesabiwa kana kwamba bado anacho. Kifungu hicho kingali hai katika kanuni za leo. Mpokeaji wa Universal Credit akipunguza akiba yake, ofisa anaweza kuuliza fedha zilikwenda wapi, na akiridhika kwamba zilitolewa ili kupata msaada, atazihesabu kana kwamba bado zipo. Kulipa deni, au kununua vitu kwa kiasi kinachoingia akilini kwa hali ya mtu huyo, hakuhesabiwi kosa. Kumgawia ndugu fedha kunaweza kuhesabiwa. Ndiyo maana risiti ya jokofu au ya kulipa mkopo huwa na thamani kubwa kwa mtu maskini kuliko kwa tajiri.

Kipindi kilichowaachia Waingereza kidonda ni miaka ya 1930. Mwaka 1931, uchumi ukiwa umeanguka, serikali ya muungano ya Ramsay MacDonald ilipunguza posho ya mwanamume asiye na kazi kutoka shilingi 17 hadi shilingi 15 na peni 3 kwa wiki. Kisha ikaamuru kwamba aliyemaliza wiki 26 za bima apimwe mali, si yake tu bali ya nyumba nzima. Ujira wa binti, pensheni ya bibi na kiasi kilichomo kwenye daftari la akiba vyote viliwekwa mezani mbele ya kamati za mitaa. Kamati zilizoonekana kuwa na huruma mno, za Rotherham na jimbo la Durham, zilinyang'anywa kazi mwaka 1932 na kuwekewa makamishna kutoka juu. Septemba ya mwaka huo ghasia zilizuka Birkenhead. Kabla mwaka haujaisha Bunge lilikuwa limekubali kulegeza, na katika utaratibu uliofuata chini ya sheria ya 1934 pauni 25 za kwanza hazikuguswa, na kila pauni 25 juu yake ilichukuliwa kuwa inaingiza shilingi moja kwa wiki. Kiwango hicho kinafaa kukumbukwa: shilingi moja kwa wiki juu ya pauni 25 ni zaidi kidogo ya asilimia 10 kwa mwaka, faida ambayo hakuna benki ya posta iliyowahi kumpa mfanyakazi. Yaliyowauma watu hayakuwa makato peke yake. Mwandishi George Orwell, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu Wigan, alieleza jinsi kipimo hicho kilivyozitenganisha familia na kuwafanya majirani kuwa wachongezi. Mwajibikaji wa kutoa taarifa alikuwa mwombaji mwenyewe, lakini macho yalikuwa ya mtaa mzima.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoigeuza serikali. Ilihitaji kukopa kutoka kwa wananchi wake kupitia hati za akiba za vita, na haikuweza kumwomba mfanyakazi wa kiwanda cha silaha anunue hati hizo huku akijua kwamba amani ikirudi na kazi ikiisha, hati zilezile zitatumika kumnyima msaada. Mwaka 1941 kipimo cha nyumba nzima kilifutwa kwa sheria. Akiba za vita nazo zikapewa ulinzi wa pekee, na ulinzi huo ukaingia hata kwenye Sheria ya Msaada wa Taifa ya 1948: pauni 375 za kwanza za akiba ya vita hazikuhesabiwa. Pauni ambayo mtu aliikopesha serikali ilikuwa salama. Pauni iliyokaa kwingineko ilikuwa na masharti makali zaidi. Sioni namna ya kulieleza jambo hili kwa hesabu ya uhitaji, kwa sababu njaa ya mwenye hati ya vita haikuwa kubwa kuliko ya jirani yake. Linaeleweka tu kwa kuangalia nani alimhitaji nani.

Mchumi William Beveridge, katika ripoti yake ya Desemba 1942, aliuelewa uchungu huo. Alieleza kwamba watu hawakuwa wakikataa kuchangia; walichochukia ni kuadhibiwa kwa uwekevu waliofundishwa kuwa ni wajibu. Jibu lake lilikuwa bima: kila mtu achangie, na akifikwa na uzee, ugonjwa au ukosefu wa kazi alipwe bila kuulizwa ana nini. Mpango ulianza tarehe 5 Julai 1948, na kipimo cha mali kilitarajiwa kubaki kwa wachache ambao bima isingewafikia. Hawakubaki wachache. Malipo ya bima yaliwekwa chini mno kwa mtu mwenye pango la kulipa, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 waliokuwa wakipokea msaada wa taifa walikaribia milioni mbili. Kipimo kikarudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii bila kelele za mwaka 1932. Mwaka 1980 uliwekwa mkato wa pauni 2,000: chini yake msaada mzima, juu yake hakuna. Mwaka 1988, baada ya mapitio yaliyoongozwa na waziri Norman Fowler, ikaja ngazi tunayoijua leo: kati ya pauni 3,000 na 6,000, kila pauni 250 ihesabiwe kuingiza pauni 1 kwa wiki. Hiyo ni karibu asilimia 21 kwa mwaka, yaani mara mbili ya kiwango cha miaka ya 1930 kilichowatoa watu barabarani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika karne hii. Mwaka 2003 serikali ya chama cha Labour ilianzisha mipango miwili kwa pamoja. Wa kwanza, Pension Credit, ulikuwa wa wazee, kundi linalojulikana kwa kujitokeza kupiga kura. Humo kila pauni 500 huhesabiwa kuingiza pauni 1 kwa wiki, nusu ya kiwango cha wenye umri wa kufanya kazi. Hakuna ukomo wa juu, na tangu Novemba 2009 pauni 10,000 za kwanza haziguswi. Wa pili, nafuu za kodi kwa wafanyakazi wa ujira mdogo na wenye watoto, haukupima akiba kabisa. Uliangalia faida halisi iliyotoka kwenye akiba, na hata hapo pauni 300 za kwanza kwa mwaka za mapato ya aina hiyo zilisamehewa. Kisha ikaja Universal Credit mwaka 2013 na kuumeza ule mpango wa pili, mpaka ukafungwa kabisa Aprili 2025. Mfanyakazi aliyehamishwa akiwa na zaidi ya pauni 16,000 alipewa miezi 12 ya kujipanga. Baada ya hapo kanuni ya jumla ikamshika. Mipaka yenyewe ya pauni 6,000 na 16,000 iliwekwa mwaka 2006 na haijasogezwa tangu hapo. Ingefuata kupanda kwa bei za vitu, ule wa juu ungekuwa umepita pauni 25,000. Hakuna waziri aliyesimama bungeni kutangaza kwamba anawapunguzia maskini kiwango cha akiba wanachoruhusiwa. Mfumuko wa bei umeifanya kazi hiyo kwa niaba ya mawaziri wote, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu wanaoumia hawana chama cha kuwasemea.

Kukaa kimya kwa mipaka hiyo ndiko kunakoufanya wajibu wa kutoa taarifa kuwa mtego. Sheria inataka mtu aseme mara akiba yake inapovuka pauni 6,000, inapopanda ngazi nyingine, inapozidi 16,000, anapopata urithi, anapoanza kuishi na mwenza. Mshahara wa mwezi ukiingia benki ni kipato cha mwezi huo, lakini kilichobaki mwezi unaofuata kimekuwa akiba. Mtu mwangalifu anaweza kuvuka mstari bila kufanya lolote zaidi ya kutotumia. Malipo yaliyozidi katika Universal Credit hudaiwa yote, hata kosa likiwa la ofisi, na kwa uzembe peke yake inaweza kuongezwa faini ya pauni 50. Mswada uliofikishwa bungeni Januari 2025 uliwataka wenye mabenki waieleze serikali akaunti zinazoonyesha dalili za kuvunja masharti hayo. Kwa Waswahili walioko Uingereza wajibu huu una sura ya ziada. Nyumba ambayo mtu anaishi haihesabiwi, lakini nyumba aliyoijenga Mombasa au Unguja kwa fedha za kuungaunga kwa kawaida ni mtaji, nao hupimwa kwa bei ambayo ingeuzwa huko iliko, baada ya kutoa asilimia 10 ya gharama za kuuza na deni lililowekewa rehani ya nyumba hiyo. Wengi huichukulia kuwa mali ya ukoo, si akiba. Sheria huangalia ni ya nani. Anayedai msaada na kulinyamazia jambo hili yuko hatarini, na heri aulize mapema kwa wanaotoa ushauri bure kuliko kusubiri barua.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni ya haki: kwa nini mlipakodi asiye na akiba amlipie pango mwenye pauni 20,000 benki? Ni swali zuri, na sidai kwamba kipimo kifutwe kwa kila mtu na kwa kila msaada. Lakini mlipakodi huyo na mpokeaji mara nyingi ni mtu mmoja, kwa kuwa takriban theluthi moja ya wanaopokea Universal Credit wako kazini. Tena haki hiyo haidai genge la kuporomoka. Mwenye pauni 15,999 hukatwa pauni 174 kwa mwezi, na mwenye pauni 16,001 hunyimwa yote, ambayo kwa familia yenye pango la London yanaweza kupita pauni 1,000. Hakuna kanuni ya haki inayoeleza tofauti hiyo kwa pauni 2. Ya pili ni kwamba pauni 4.35 haikukusudiwa kuwa faida ya benki. Ni namna ya kumwambia mtu ale kwanza chake. Nakubali kwamba ndilo kusudio, lakini basi makato hayo yanamtaka amalize akiba yake katika muda usiofika miaka mitano, wakati mpango wa serikali hiyohiyo wa Help to Save, ulioanza mwaka 2018, unamwongezea nusu ya anachoweka ili asiishiwe. Dola haiwezi kumlipa mtu ajenge ukuta na kumtoza kwa kila tofali.

Hoja ya tatu ni ya gharama na udanganyifu: ukilegeza, hazina haitamudu, na wajanja watajaa. Kuhusu udanganyifu, anayeficha pauni 60,000 kwa makusudi ni mhalifu, na hakuna asemaye asishtakiwe. Wanaonaswa kwa wingi na mstari usioonekana ni wengine: waliopitiwa, wasioelewa Kiingereza cha ofisi, waliodhani akaunti ya pamoja na mzazi si yao. Mstari ukiwa juu na mteremko ukiwa wa polepole, makosa madogo huzaa madeni madogo. Kuhusu gharama, Uingereza yenyewe imejijibu. Iliendesha nafuu za kodi kwa zaidi ya miaka 20 bila kupima akiba, na inaendesha Pension Credit mpaka leo bila ukomo wa juu, wala hazina haikufilisika kwa ajili hiyo. Zanzibar, yenye hazina isiyolingana hata kidogo na ile ya London, ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi bila kuuliza ana nini sandukuni. Ukali wa kipimo, basi, ni uamuzi wa watu, na uamuzi hubadilishwa.

Kinachotakiwa hakihitaji Beveridge mwingine. Mipaka ipande kila mwaka pamoja na bei, kama viwango vingine vinavyopitiwa kila Aprili. Makato ya mwenye umri wa kufanya kazi yashushwe hadi yale ya mzee, na kile kizingiti cha pauni 16,000 kifutwe ili ngazi iendelee mpaka msaada uishe wenyewe. Vyama vya wafanyakazi, mashirika ya ushauri na jumuiya za wahamiaji wanaweza kulidai hili kwa sauti moja, kama vyama vya kusaidiana vilivyodai kati ya 1894 na 1904. Historia haitoi ahadi kwamba watasikilizwa kwa sababu wana haki. Inaonyesha tu kwamba waliosikilizwa walikuwa wamejipanga kwanza.